Simu Iliyolala na Karimu

Godoro lilikuwa bado na alama ya mtu. Upande wa ukutani, alipolala Karimu, sponji ilikuwa imebonyea. Upande wa pili shuka ilikuwa imenyooka kama haijalaliwa. Hapo kichwani palikuwa na simu iliyochomekwa kwenye chaja, kioo chake kimelazwa kifudifudi. Askari wawili walioitwa asubuhi walichukua mto, wakaiacha simu. Mto unaweza kuua mtu. Simu waliona haiwahusu.

Mwantum alivaa glavu na kuinama. Alikuwa ofisa wa upelelezi, na mtoto wa mtaa huu huu wa Buyenzi. Nyumba kama hii alizijua: lango la bati, ua mwembamba, jiko la nje, sebule, kisha kolido yenye vyumba vitatu vilivyofungwa kwa mapazia. Chumba cha Karimu kilikuwa mwisho wa kolido. Cha mama yake, Khadidja, kilikuwa katikati. Cha mdogo wake, Anouar, kilikuwa cha kwanza, karibu na sebule.

Sebuleni wanawake walikuwa wanasoma Yasini kwa sauti ya chini. Karimu alikuwa nyuma ya pazia jeupe, ameshaoshwa, ameshavishwa sanda. Hospitali ilikuwa imemrudisha adhuhuri pamoja na karatasi ya daktari: vidoa vyekundu ndani ya macho, mdomo umechanika kwa ndani na meno yake mwenyewe. Alikandamizwa uso kwa mto. Ilikuwa kabla ya alfajiri. Zaidi ya hapo daktari hakutaka kuapa. Mazishi yangekuwa baada ya swala ya alasiri.

"Chef," alisema Astère kutoka mlangoni. Alikuwa msaidizi wake na dereva wake, kijana mrefu wa Mutanga Sud ambaye hakuweza kuingia nyumba yoyote ya Buyenzi bila kugonga kichwa. "Mkuu amepiga simu tena. Anasema wakitoka makaburini, yeye anataka kusikia kama yule mwanamke yuko gerezani Mpimba."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ego, ndiyo, mkuu. Ningemwambia nini kingine?"

Yule mwanamke alikuwa Chanelle, mke wa marehemu. Jana jioni ua mzima ulimsikia akimwambia mumewe maneno mabaya. Asubuhi mume alikutwa amekufa na yeye hayupo nyumbani. Kwa mkuu hayo yalitosha. Mwantum alijua mafaili ya watu waliokwisha kufungwa yanavyokaa kabatini bila kufunguliwa tena.

Aliinua simu, akaigeuza. Kioo kiliwaka, kikaomba namba.

"Kwa nini aliilaza kifudifudi, tena kwenye godoro?" aliuliza.

Astère alichungulia. "Hiyo ni app ya usingizi. Kule kwetu wanafunzi wote wanayo. Unaiweka kitandani, inasikia ukigeuka, inasikia ukikoroma. Inajua saa gani usingizi wako ni mzito na saa gani ni mwepesi. Inakuamsha wakati wa ule mwepesi, ndiyo uamke umepumzika."

"Inajua?"

"Inasema inajua."

Mwantum aliichomoa simu, akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

*

Chanelle alikuwa ameketi kwenye mkeka nyuma ya jiko, chini ya ulinzi. Hakuna aliyemletea maji. Pembeni yake lilikuwa beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, alizonunua ufukweni Ruziba alfajiri. Jua lilikuwa limeshazigeuza, na nzi walikuwa wengi. Wanawake waliopita kwenda jikoni walizungukia mbali.

"Pole, Chanelle," alisema Mwantum, akaketi kwenye kigoda.

"We ni wa kwanza kuniambia pole leo, madame."

"Ulimwambia nini mumeo jana?"

"Si wote walisikia? Nilimuambia, lala na hiyo simu yako, iko siku hautaamuka." Alifuta pua kwa kanga. "Ilikuwa ni hasira. Mutu anakufukuza mu kitanda juu ya simu, utamuambia nini?"

"Alikufukuza?"

"Hiyo app inapima mutu mumoja. Mi nageukaka sana, donc asubui inamuambia Karimu amelala mubaya. Akasema, muke yangu, nenda ulale ku salon wiki mbili tu, nione percent yangu ya kweli." Alicheka, kicheko kifupi, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja kama aliyetukana msibani.

"Kwa hiyo jana ulilala sebuleni."

"Kwa salon, ndiyo. Nikaamuka na giza, nikachukua beseni, nikaenda. Camionnette ya wanawake wa ndagala inaondokaka saa tisa na nusu, haingojeaka mutu."

"Nani alifunga lango nyuma yako?"

"Anouar. Ni yeye anafungaka kila siku. Komeo iko ndani."

"Anouar anasema ulitoka karibu na adhana, ukikimbia."

Chanelle alimtazama. "Karibu ya adhana mi nilikuwa nimefika Ruziba. Umuulize Dévote. Tunakwenda pamoja kila siku, namba yake iko hapa."

Astère alipiga, akaweka sauti ya juu. Sauti iliyojibu ilikuwa ya sokoni, imezoea kushindana na magari.

"Chanelle? Alikuwa na sisi! Amenikalia miguu mpaka Ruziba, mpaka sasa nachechemea! Tumefika, ndagala zimekwisha kumwagwa, tunapigania bei, ndiyo adhana ikatoka. Kwani amefanya nini? We ni nani? Unaita kama polisi."

"Mimi ni polisi, mama."

"Basi umuache huyo mutoto," alisema Dévote, na kukata.

Astère alirudisha simu mfukoni. "Mkuu atasema alimuua kabla ya kutoka."

"Atasema hivyo," alikubali Mwantum. Alimwonyesha Chanelle ule mfuko wa plastiki. "Namba ya kufungua unaijua?"

Chanelle aliitaja bila kufikiri. Kioo kilifunguka kwenye ile app moja kwa moja, kama vile ilikuwa inangoja kuulizwa. Maandishi yalikuwa ya Kifaransa. Juu palikuwa na mstari wa buluu uliopanda na kushuka, na chini yake saa za usiku. Astère alielekeza kidole bila kugusa.

"Hapa chini ni usingizi mzito. Hapa juu ni kugeuka. Alikuwa ameomba kuamshwa saa kumi na nusu, lakini app inaruhusiwa kulia mapema, kuanzia saa kumi kamili, ikisikia tu mtu amegeuka. Ndiyo kazi yake. Asipogeuka kabisa, inangoja mpaka kumi na nusu."

"Saa kumi na nusu ndiyo adhana ya msikiti huu," alisema Mwantum.

Mstari ulikuwa umekaa chini, umetulia, mpaka saa kumi na dakika kumi. Hapo ulirukia juu kabisa, mara moja, kama ukuta. Pembeni palikuwa na alama ya kengele: imelia. Chini yake app ilikuwa imeuliza, *Umeamkaje?*, na kutoa nyuso tatu za kuchagua. Uso wa kwanza, unaocheka, ulikuwa umeguswa. Chini ya uso huo palikuwa na neno moja: *Reposé*. Amepumzika.

Ndani, Yasini ilikuwa imekwisha na dua imeanza, na wanawake wote waliitikia amina kwa pamoja.

"Kuna sauti pia," alisema Astère. "Inarekodi mkoromo."

Mwantum alivaa visikilizi, akawapa mgongo. Sauti ya mwisho ilikuwa fupi. Mtu anakoroma, taratibu, mtu mwenye afya. Kitu kinaburutwa sakafuni, labda ndala. Pazia. Mkoromo unaendelea, kisha unazibwa, si kukatika, kuzibwa. Kitanda kinalia. Halafu muziki wa kengele unaanza, laini, wa vinanda, muziki uliotengenezwa ili mtu asishtuke. Unakatika katikati. Baada ya hapo app iliacha kusikiliza, kwa sababu ilikuwa imeambiwa mtu ameamka.

Alivua visikilizi.

"Ulisikia nini, madame?" aliuliza Chanelle.

"Alikuwa anakoroma ulipokuwa njiani," alisema Mwantum. Hakumwambia zaidi.

*

Mkuu hakuridhika. Sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuandika ripoti kichwani. Kama uso umeguswa, alisema, basi marehemu aliamka, akaizima simu, akarudi kulala. Nani aliingia baada ya hapo? Na app ya Kichina inayopima mikoromo, hiyo ataiapisha hakimu gani? "Niletee mtu aliyesikia kwa masikio yake, Mwantum. Simu sitaki."

"Na huenda ana haki," alisema Astère walipotoka nje ya lango. "Marehemu aliamka, akasema amepumzika, akalala tena. Kuna mtu mmoja huja hapa kila alfajiri baada ya adhana. Ameandikwa kwenye maelezo ya asubuhi. Radjabu, mshirika wake wa gereji. Hupita kumchukua waende msikitini. Karimu humfungulia lango mwenyewe."

"Twende kwa Radjabu."

Gereji ilikuwa mtaa wa pili, chini ya mabati, na Toyota moja ilikuwa imeinuliwa juu ya mawe. Mafundi hawakuwa wanafanya kazi. Walikuwa wamekaa kwenye matairi, wamevaa kofia, wanangoja saa ya mazishi. Radjabu alikuwa mtu mnene wa makamo, na alikuwa amelia, hakujaribu kuficha.

"Leo asubuhi ulipita kwa Karimu?" aliuliza Mwantum.

"Nilipita. Adhana imekwisha kutoka. Nagonga, nasikia kelele ndani, mama yake analia. Anouar ananifungulia, ananiambia, kaka, Karimu ametuacha."

"Alfajiri zingine nani anakufungulia?"

"Karimu. Anatoka na macho mekundu kama mulevi." Fundi mmoja alitabasamu akitazama chini. "Huyu mutu alikuwa na usingizi, dada! Alikuwa analala chini ya gari, na spana mu mukono. Tunavuta miguu tuone kama ni muzima. Ndiyo akapata hiyo app. Sasa akawa profesa. Anakuja hapa anatuambia, nimelala sabini kwa mia. Na nyinyi je? Munalala ngapi kwa mia? Tulikuwa tunamuita Pasenti."

"Pasenti!" alisema mwingine, akavuta kofia mpaka machoni.

"Na kuhusu nyuso?" aliuliza Mwantum. "Zile tatu. Alikuwa anagusa upi kwa kawaida?"

Radjabu alipangusa macho kwa mkono wa shati. "Yeye hakuwa anagusa. Ni sisi."

"Vipi?"

"Ni kamchezo ketu. Simu ikilia anaizima na hii ya pembeni, kidude cha kuwashia, ile maswali inabaki inangoja. Tukitoka musikiti tunakuja hapa, chai inapikwa, anasimama pale juu ya tairi, anainua simu: waheshimiwa, leo Pasenti anaonekanaje? Basi tunamutazama uso, tunapiga kura. Kila siku tulimupigia ule uso wenye machozi. Anakasirika! Anasema munaniharibia hesabu."

"Kila siku?"

"Hata Ijumaa. Hakugusa nyumbani hata siku moja. Angegusa, tungekosa kura."

Astère alikuwa amesimama kando ya Toyota. Aliinua kichwa kumtazama Mwantum, akagonga bati la paa.

"Kaka Radjabu," alisema Mwantum, "alikuwa na ugomvi na nani?"

"Karimu? Na usingizi tu." Alitazama kuelekea barabarani kabla ya kuendelea. "Kuna mambo ya nyumba. Baba yao aliacha nyumba ya wote wawili. Anouar ameleta mutu mara mbili kuipima, anataka kuuza. Karimu akasema mama hahami akiwa hai. Na Jumatatu inayokuja alikuwa aende commune, ku ofisi ya serikali, kuandikisha ndoa na Chanelle, maana walioana kwa shehe tu. Mi ningekuwa shahidi yake. Akiandikisha, nyumba haiuzwe tena bila muke kusaini."

"Anouar alijua?"

"Karimu alimualika. Alikuwa anafurahi, alialika mutaa yote."

Walipokaribia lango, Astère alipunguza mwendo.

"Kama Karimu hakugusa ule uso," alisema, "basi aliyegusa alikuwa ndani ya chumba kengele ilipolia."

"Ndiyo."

"Na ililia kwa sababu kitanda kilitikisika."

"Ilidhani ni mtu anaanza kuamka," alisema Mwantum.

*

Anouar alikuwa ameanza kupanga viti chini ya turubai. Kanzu yake ilikuwa safi. Alikuwa na neno kwa kila mgeni, huyu kiti, yule kikombe cha chai, na watu walikuwa wanasema mama yake amebaki na mtoto mwema.

"Dada Mwantum. Si tulimaliza asubui?"

"Tulimaliza. Nataka tu nikusomee nilichoandika, nijue niko sawa." Alifungua karatasi. "Umesema uliamshwa na adhana."

"Ndiyo. Na simu ya Karimu ikawa inalia pamoja na adhana. Kila siku ni vile. Inalia, inalia, haizime. Nikashangaa. Nikaenda, nikamuita, nikaingia."

"Ulipoingia, ilikuwa bado inalia?"

"Bado."

"Nani aliizima?"

Anouar aligeuza kiti kimoja kilichokuwa kimekaa sawasawa. "Ilinyamaza yenyewe. Pengine batterie."

"Ilikuwa kwenye chaja."

"Basi courant ilikatika. Dada, mi ndugu yangu amekufa, nitatazama simu?"

"Huenda. Wewe hukuigusa."

"Sikuigusa. Hata sijue inafunguliwa namna gani, hizo bintu zake."

"Na baada ya kumfungia Chanelle lango, kuna mtu mwingine aliingia?"

"Nani ataingia? Komeo iko ndani. Nilifunga mi mwenyewe." Alisema kwa fahari kidogo. Kisha akatazama mdomo wa Mwantum, kama anayetaka kuona maneno yake yameangukia wapi. "Lakini alitoka karibu ya adhana, andika hiyo. Alikuwa anakimbia."

"Imeandikwa. Mama yako alisikia nini?"

"Mama alikuwa amelala." Ilitoka haraka. "Mama apana, dada. Ni muzee, amepoteza mutoto. Leo musimusumbue."

"Sijampa pole bado," alisema Mwantum. "Nikiondoka hapa bila kumpa pole, mama yangu mwenyewe hatanipa chakula."

Alikunja karatasi, akaingia ndani. Kolidoni alihesabu mapazia tena, ingawa alikuwa ameshayahesabu. Cha Anouar, cha mama, cha Karimu. Hakukuwa na mlango mwingine upande wa mwisho.

Khadidja alikuwa ameketi kitandani, tasbihi mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na punje zilisogea kwa shida. Alimtazama Mwantum kwa muda.

"We si mutoto wa Mwanne, wa avenue ya saba?"

"Ni mimi, mama. Pole sana. Mungu amrehemu."

"Amina. Kaa." Alisogeza mguu kumpa nafasi. "Mama yako alikuwa fundi ya kupika pilau. We umekuwa fundi ya kufunga watu. Basi munangojea nini na huyu mwanamuke? Jana amemutakia mutoto wangu kifo, leo eko hapa, anakaa ku mukeka yangu."

"Saa yake itafika, mama. Mi nataka kujua habari za Karimu tu. Leo alfajiri uliamshwa na nini?"

"Na simu yake. Simu gani hiyo! Kila siku inaamusha mi, yeye haimuamushe." Karibu atabasamu. "Leo ikalia mapema. Giza. Nikasema, muezini amechelewa ama ni mi nimechanganyikiwa?"

"Adhana ilikuwa bado."

"Bado kabisa. Nimeingoja mpaka nimechoka. Nikasema, leo Karimu wangu ameamuka mbele ya muezini."

Kalamu ya Mwantum haikusogea. "Ililia sana?"

"Apana. Kidogo tu, ikanyamaza. Nikafurahi. Siku zote inalia mpaka majirani wanagonga ukuta." Alivuta punje moja ya tasbihi. "Basi nikatoka na kopo yangu nichukue maji ya udhu. Nikakutana na Anouar mu kolido."

Pazia la mlango lilitikisika. Anouar alikuwa amesimama nyuma yake. Viatu vyake vilionekana chini.

"Mama," alisema, "wanawake wa Kanyosha wamefika. Wanakungojea."

"Wangoje, naongea na mutoto wa Mwanne." Akamgeukia tena Mwantum. "Nikamuuliza, ndugu yako ameamuka? Akaniambia, ameamuka mama, amezima mwenyewe, amesema leo amepumuzika muzuri. Muache alale kidogo mpaka adhana. Nikasema alhamdulilahi. Kumbe yule mwanamuke amekwisha..."

Hakumaliza. Midomo yake iliendelea kusogea kidogo, kama inayorudi nyuma kwenye njia iliyopita.

Mwantum alifunga kalamu. Hakukuwa na haja ya kusema, na hakutaka kuwa yeye atakayesema.

"Anouar," aliita Khadidja. "Ingia."

Pazia lilifunguka. Aliingia, akabaki karibu na ukuta.

"Si ndivyo uliniambia?"

"Mama, ulikuwa mu usingizi. Unachanganya siku."

"Nilikuwa na kopo mu mukono."

"Ilikuwa jana, mama. Juzi."

"Jana alikuwa amepumuzika? Jana aliamuka anaumwa kichwa, nikamupa mi mwenyewe kidonge." Sauti yake haikupanda. Alikuwa anauliza kama anavyouliza mtu aliyepoteza ufunguo ndani ya nyumba yake. "Chumba yako iko huku mbele. Maji iko huku mbele. Choo iko inje. We ulikuwa unatoka kule mwisho. Kule kuna Karimu tu. Ulikuwa unatoka wapi, Anouar?"

Anouar alitazama tasbihi, akatazama dirisha dogo lenye nondo, akamtazama Mwantum.

"Dada, mama ni muzee."

"Mama yako amesikia kengele kabla ya adhana, na simu inasema vile vile, saa kumi na dakika kumi," alisema Mwantum. "Hayo maneno, kwamba amepumzika, Karimu hakuyasema. Yaliandikwa kwenye kioo. Aliyeyaona ni yule aliyekigusa."

"Niliingia tu kuizima! Ilikuwa inalia, nikaingia kuizima!"

"Sasa hivi pale nje uliniambia hukuigusa."

Astère alikuwa ameshafika mlangoni. Safari hii alikumbuka kuinamisha kichwa. Alimshika Anouar mkono juu ya kiwiko, bila nguvu, na Anouar hakuuvuta.

"Nishike baadaye," alisema Anouar. "Dada, kwa jina ya Mungu. Niache nimuzike kwanza. Nani atashuka naye mu kaburi? Hana ndugu mwingine."

"Hapana," alisema Mwantum.

Alimgeukia Khadidja, akitaka kumwomba radhi, lakini mama alikuwa anamtazama mwanawe, macho makavu, kana kwamba amepewa muda mfupi wa kumtazama na hataki kuupoteza.

*

Walimpitisha Anouar uani mchana kweupe. Mazungumzo chini ya turubai yalikatika kiti kwa kiti. Mtu mmoja aliinuka kumuuliza anakwenda wapi na mazishi yamefika, hakujibiwa. Lango la bati lilifunguliwa, likafungwa. Mwantum alimpigia mkuu, akasema amepata mtu aliyesikia kwa masikio yake, na hakutaja ni nani mpaka alipoulizwa mara ya pili.

Shehe alitoka sebuleni na kutazama jua. Wanaume walikuwa wameshaanza kujipanga kubeba jeneza, na minong'ono ilikuwa moja: nani atampokea Karimu chini? Kaburini hushuka ndugu wa damu, na ndugu wa damu alikuwa ndani ya gari la polisi. Binamu mmoja alitajwa, lakini yuko Kigoma. Mjomba mmoja alijitokeza, mzee sana, watu wawili wakimshika ili asimame. Wote waligeuka kungoja neno la Khadidja.

Khadidja alitoka ndani peke yake, akishika ukuta. Alipita katikati ya viti bila kumtazama mtu. Alizunguka jiko. Wanawake waliokuwa huko walimpisha, na askari aliyekuwa analinda akasimama wima, hajui afanye nini na bunduki yake.

Chanelle alitaka kuinuka.

"Kaa," alisema Khadidja. Pumzi ilikuwa imemwisha, alingoja irudi. "Musikiti wanauliza nani ashuke na Karimu. Mi sina tena wa kumutuma. We ni muke yake. Sema ni nani."

Chanelle alitazama nyuso za wanaume waliokusanyika kwenye kona ya jiko, mmoja baada ya mwingine, mpaka akampata aliyemtaka.

"Radjabu," alisema.

Kisha akalisukuma beseni la ndagala kando, akasogea ukingoni mwa mkeka, akampisha mama mkwe wake mahali pa kukaa.